Mbao Mbili Chini ya Gati

Mjomba Eroni hulamba mabati. Hapaki bati lolote hapa kijijini kabla hajalitolea ulimi kama mbuzi, na akionja bahari anaagiza lioshwe upya kwa maji ya mvua. "Chumvi ikibaki chini ya rangi," husema, "kutu inalala humo kama mwizi chini ya kitanda."

Kwa miaka thelathini amepaka nyumba za kisiwa chetu cha Ovalau, huku Fiji, na hajawahi kuamini ubao alioambiwa umekauka wala kopo lililoandikwa chochote. Mkewe, Litia, anaapa kwamba siku ya harusi mjomba alimkwaruza mkono kwa sarafu, aone kama kuna tabaka jingine chini.

Sasa akaja Semesa, mtoto wa kijiji aliyenenepea mjini Suva, na makopo kumi na mawili ya rangi nyekundu kwa ajili ya paa la kanisa. Aliyakabidhi pamoja na jino la nyangumi, heshima kuu kupita zote kwetu, wazee wakalipokea na kupiga makofi. Zawadi iliyokuja na jino la nyangumi haikaguliwi. Ukiinusa tu, umemtukana mtoaji na ukoo wake. Na paa lile ndilo linalokinga maji ya tangi, na tangi ndilo linalonywesha nyumba arobaini.

Mjomba aliyazunguka makopo mara mbili.

"Mbona yamevuliwa nguo?"

"Karatasi zilibanduka kwa mvua njiani, kaka."

Wiki ile haikunyesha hata tone.

"Na hii harufu?"

"Harufu ya rangi. Ulitaka inukie pilau? Wewe paka tu."

Mjomba akasema sawa, na mjomba akisema sawa ujue kuna mtu anachunguzwa. Aliwaambia wazee kwamba paa lina kutu nyingi, likwanguliwe kwanza kwa brashi ya waya na kuoshwa, kazi ya wiki sita. Kisha akachukua mbao mbili za mti mmoja, mmoja akaupaka rangi yake ya siku zote, mwingine ya Semesa, akazifunga kamba na kuzizamisha chini ya gati.

"Mjomba, kwani paa linahamia baharini lini?" nikamuuliza.

"Ungemaliza ile diploma uliyoiacha njiani ungeuliza swali la maana. Rangi huchaguliwa kwa kitakachoigusa: jua, mawimbi au kinywa cha mtu. Hii sijui ilichaguliwa kwa kipi."

Wiki sita zilipokwisha tukavuta kamba. Ubao wa rangi yake ulikuwa umeota mwani na makombe hadi haushikiki. Ubao wa Semesa ulikuwa safi kama sahani iliyolambwa.

"Rangi ya chini ya meli," akasema. "Inatiwa sumu makusudi, makombe yasishike."

"Twende kwa wazee basi."

"Nikawaambie jino la nyangumi limeleta sumu? Watanifukuza mimi, rangi ibaki. Na huenda Semesa mwenyewe alidanganywa. Nataka kujua kama anajua."

Jumamosi Semesa akaja kuuliza mbona paa halijapakwa. Alikula kwetu mchana, jioni wazee wakakaa naye kunywa kava, kile kinywaji cha mizizi iliyopondwa, kama ada. Mjomba akaja na jagi lake.

"Mgeni wetu wa heshima," akasema, "haya maji nimeyakinga kwenye bati nililolipaka rangi yako. Kava ya leo tumeichanganya nayo. Ni haki yako uanze."

Semesa akapewa kifuu cha kava. Akapiga kofi moja, kama inavyotakiwa, akakiinua. Kwetu kifuu hunywewa chote kwa mkupuo. Hiki kilisimama mbele ya kidevu.

"Tumbo langu limevurugika tangu asubuhi," akasema.

"Pole, shemeji," Litia akajibu kutoka mlangoni. "Na vile vichwa vitatu vya samaki mchana vilikuwa dawa?"

Mzee Maciu, mkuu wa kijiji, akalitazama jagi, akalitazama paa la kanisa.

"Semesa, mwanangu, tunywe sisi?"

Semesa akainamisha kichwa. "Msinywe." Kisha akaeleza polepole: makopo aliyapata pale meli zinapotengenezwa, aliambiwa ni ya boti, akadhani ikishakauka rangi ni rangi. Karatasi alizibandua mwenyewe.

Mjomba akamnyang'anya kifuu, akakimaliza. Wazee wawili wakaruka wima.

"Kaeni," akasema akijifuta mdomo. "Maji ya tangi."

Zawadi hairudishwi, kwa hiyo mzee Maciu aliamua makopo yaende kwenye boti ya kijiji. Haijawahi kupendeza vile chini, mahali asipoona mtu.

Mwezi uliofuata Semesa alileta makopo mengine, yenye karatasi zake, yamefungwa vizuri, na risiti ya duka juu. Mjomba aliisoma risiti pande zote mbili, kisha akaenda kutafuta mbao mbili. Paa bado halijapakwa, na hakuna anayemharakisha. Jana nilimkuta mzee Maciu kalala kifudifudi pale gatini, anachungulia maji.

"Zimeanza kuota?" nikamuuliza.

"Ule wa kulia kidogo," akasema. "Ule wa kushoto siuamini."