Wageni wa Mama Mkubwa, Nambilanje

Nilipomaliza kidato cha nne Nachingwea nilirudi nyumbani Nambilanje bila kazi. Miaka hiyo, mwanzoni mwa elfu mbili, kijiji kilikuwa kimekubali kupokea watalii. Hawakujengewa hoteli. Walilala kwenye nyumba zetu, wakala tulichokula, na sehemu ya malipo yao ikaenda kwenye ukarabati wa zahanati. Kamati ya kijiji iliniteua mkalimani kwa sababu nilijua Kiingereza kidogo, na wageni wa kwanza wakapangiwa nyumba ya mama yangu mkubwa, dada wa mama, ambaye bafu lake la nyasi lilikuwa jipya.

Mama mkubwa alikuwa kungwi, na pia mkunga wa jadi. Kila mwaka baada ya mavuno ndiye aliyewafunda wasichana waliowekwa ndani kwa unyago. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia mbaazi. Mambo mazito aliyasema kwa Kimwera, mimi nikatafsiri.

Wageni walikuwa mume na mke, watu wazima wenye mvi, wakiletwa na kijana mmoja aliyeongoza watalii kutoka Lindi. Jioni ya kwanza walikula ugali wa muhogo na kisamvu, wakaomba kuongezwa. Asubuhi yake, kabla hawajaamka, yule kiongozi alimfuata mama mkubwa jikoni.

"Mama, leo nitawaleta ndani kwa wali," alisema, akimaanisha wasichana waliokuwa wamewekwa ndani msimu huo. "Wapige picha mbili tatu, watoke."

Mama mkubwa aliendelea kupuliza moto. "Wasubiri siku ya kutoka. Siku hiyo ni ya watu wote."

"Wamefunga safari kwa ajili ya hayo ya ndani. Nimeshawaahidi."

"Umewaahidi nyumba ya nani?"

Kiongozi akaenda kumwita mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alikuja akiwa hana raha. Alimheshimu mama mkubwa, mkewe alifundwa naye, lakini aliogopa wageni wakiondoka wamenuna hawatakuja wengine, na paa la zahanati lilikuwa bado linavuja. Alimbembeleza kwa Kimwera. Mama mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Hawa wageni wana masikio yao. Nenda kawaambie wenyewe."

Niliwakuta wameketi kibarazani. Kiingereza chote cha shule kilinipotea. Nikasema kwa maneno machache niliyokuwa nayo kwamba mambo ya ndani hayaonyeshwi, hata mimi nisingeruhusiwa kumwingiza rafiki yangu ambaye hajafundwa. Nilitegemea watakasirika. Yule mama alimtazama mumewe, kisha akaniuliza nani alikuwa amesema wataonyeshwa. Nikaelekeza macho jikoni, alikobaki kiongozi. Akasema kwao alikuwa mkunga, na maisha yake yote alikuwa akifukuza watu mlangoni mwa chumba cha uzazi.

Nilipomtafsiria mama mkubwa neno "mkunga", alicheka kwa mara ya kwanza tangu wageni wafike. Akataka kujua amezalisha wangapi. Yule mama alisema aliacha kuhesabu. "Na mimi," alisema mama mkubwa.

Kisha mgeni akauliza mwenyeji wake angefanya nini siku hiyo. Mama mkubwa alikuwa anakwenda porini kuchimba ming'oko, vile viazi mwitu vyembamba na virefu tunavyochemsha wakati wa kiangazi. Wakafuatana naye, na mimi pia. Kiongozi alibaki kijijini akisema kichwa kinamuuma.

Ming'oko haitaki haraka, ukivuta inakatika na nusu inabaki chini. Yule mzee wa Kizungu alikata mingi. Mkewe alilala kifudifudi na kuchimbua udongo kwa vidole mpaka akatoa mmoja mzima, mrefu kama mkono wake, akauinua tuuone. Viganja vyao vilitoka malengelenge. Tulirudi jua likiwa kali, tukachemsha, tukamenya na kula kwa chumvi.

Siku ya kutoka wali, walisimama na umati uwanjani kama watu wengine. Wasichana walipita na khanga mpya, wamefunikwa miavuli, ngoma zikilia. Mama mkubwa alimvuta mkunga mwenzake mstarini, wakacheza pamoja mpaka vumbi likawafika magotini.

Kiongozi hakuleta wageni tena. Alipeleka watu wake kwingine, na baadhi ya majirani walimlaumu mama mkubwa waziwazi kisimani. Kwenye mkutano wa kijiji jambo hilo lilibishaniwa sana, mwisho wakakubaliana kwamba kabla ya mgeni kuahidiwa jambo lolote, mwenye jambo aulizwe kwanza. Miaka iliyofuata tulipata wageni wachache, wengi wakielekezwa na wale wawili. Miaka mingine hakuja mtu kabisa. Zahanati ilipata paa upande mmoja, upande wa pili tuliezeka wenyewe kwa fedha za korosho za msimu. Mimi niliendelea kutafsiri mpaka nilipoolewa Nandagala, na kazi ile nikamwachia mdogo wangu wa kike, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu.