Kikombe cha Wageni

Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walimpachika meneja wao jina la Kikombe cha Wageni: kinakaa kabatini, kinang'aa, na hakuna wa nyumbani anayekinywea chai. Jina alilijua. Lilimuuma, lakini angemlalamikia nani?

Kiwanda kilipokuwa mali ya serikali, ilikuwa amri kwa viongozi kula bwaloni na wafanyakazi. Basi kila mchana alipanga foleni na sahani yake. Akikaa tu, benchi linanyamaza, watu wanabugia mbio mbio, kisha kila mmoja anakumbuka kazi aliyoiacha. Hata mdogo wake wa tumbo moja, mpishi wa sabuni kwenye mapipa, aliinuka. "Samahani, mkuu," humwambia, kana kwamba hawakulala kitanda kimoja utotoni. Meneja hakutaka makubwa. Alitaka mdogo wake akae naye mpaka sahani ziishe. Akajipa moyo: ni siasa tu hizi, zitapita.

Siasa zikapita kweli. Kiwanda kikauzwa, tajiri akaja na wenzake, wakamkaribisha meneja kwenye meza yao ya chakula huko juu. "Wewe ni mwenzetu," walimwambia. Mazungumzo yakinoga, mmoja humtazama kwa upole: "Meneja, hebu tupishe kidogo." Anatoka na sahani yake mpaka kwenye korido. Jamani, mtu mzima na suti yake, anakula amesimama! Huku hayumo, kule hayumo.

Kisha tajiri akaleta mtambo wa kupika sabuni. Wapishi hawakuhitajika tena, na kazi ya kuwaambia ikamwangukia meneja, maana matajiri hawachafui mikono. Aliwaita mmoja mmoja, mdogo wake akamweka wa mwisho. Alimwambia maneno yaleyale aliyowaambia wengine. Mengine aliyatafuta akayakosa.

"Sawa, bosi," alijibu mdogo mtu, akatoka.

Mchana ule meneja hakupanda juu. Aliteremka bwaloni, akapanga foleni, akakaa. Benchi likanyamaza, watu wakaanza kuhama. Mdogo wake peke yake hakuinuka. Alisogea mpaka mabega yakagusana, akamsukumia chumvi.

"Kula, kaka," alisema. "Sasa wewe si bosi wangu."

Miaka yote hiyo meneja alikuwa akiisubiri siku hii. Akamega tonge, akalirudisha sahanini.