Vinundu vya Directeur na Kovu Langu

Mimi ni mtu wa kushuku. Nawaambia mapema, msije mkadhani ugonjwa huo nao umepona. Majirani wakinong'ona, najua ni mimi wananisema.

Naishi Bel-Air, Lubumbashi, na ni mjane. Kabla ya kuugua nilikuwa nikikaanga mandazi mbele ya nyumba. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na kovu pana la mafuta ya moto, la miaka mingi. Nilikaa na Mado, mdogo wa kike wa marehemu mume wangu, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, na kinyonga mmoja mzee.

Chekeni tu. Mume wangu alikuwa dereva wa mashine kule mgodini Kinsevere. Siku walipofyeka kichaka alimleta ndani ya kofia yake ya kazi. Tukamwita Directeur, yaani mkurugenzi, maana alitembea kama mtu asiyeogopa kuchelewa. Mume wangu alipofariki, watu wakasema mjane anayefuga kinyonga ana lake jambo. Sikumtoa. Yeye na Mado ndio niliobaki nao.

Mwaka wake wa sita pale nyumbani aliota vinundu. Viwili ubavuni, vigumu, vya kijivu, na kimoja karibu na jicho. Alipobadilika rangi, vyenyewe havikubadilika. Nikashuku vumbi la barabara. Nikamshuku jirani. Nikashuku hata panzi tuliokuwa tunamlisha.

Wakati huohuo kovu langu nalo likaanza kuota nyama. Liliwasha, likapasuka, likatoa maji yenye harufu mbaya. Nilivaa nguo za mikono mirefu hata kwenye joto la Oktoba. Nilijua wakiona vinundu kwake na nyama kwangu, watasema ameniambukiza, na Directeur atachomwa moto siku hiyohiyo.

Asubuhi moja nikakuta punje nyeupe ndani ya kizimba cha Directeur, nyingine mgongoni mwake. Anayeingia humo ni mimi na Mado tu.

"Mado, umeweka nini hapa?"

Akaangalia chini. "Hapana kintu, yaya."

"Na hii ni nini? Unataka kumuua, kiisha uniue na mi?"

Nikatoa begi lake nje. Akaenda Ruashi kwa rafiki yake, na niliambiwa alilia njia nzima. Sikujali.

Zile punje nikazifunga kwenye karatasi, nikamtia Directeur kikapuni, nikaenda kwa daktari wa wanyama, anayetibu zaidi mbwa na mbuzi. Nikamwambia apime hiyo sumu. Akaisugua kwa vidole, akacheka.

"Maman, hii ni chumvi tu."

Nikashuku amehongwa. Akaomba nimshike Directeur vizuri amtazame. Niliponyoosha mkono, blauzi ikapanda.

"Huyu mnyama yako iko na buzee, amezeeka tu," akasema. "Ntatoa hizi vinundu mbili, ile ya karibu na jicho tutaiacha. Lakini maman, hii ya ku mukono yako iko tangu siku gani?"

"Ni kovu ya zamani."

"Kovu ya zamani haiwezi kuota nyama. Uende ku hôpital leo, hapana kesho. Directeur anabakia huku. Ukiniletea karatasi ya docteur, ntakurudishia yeye."

Nilimtukana. Nikamwita mwizi wa kinyonga. Lakini nilikwenda, na nasema kweli, nilikwenda kwa ajili ya Directeur, si kwa ajili yangu.

Hospitalini walikata kipande kidogo wakakipima. Siku ya majibu, daktari mmoja mama alivuta kiti karibu yangu.

"Maman, ni cancer. Ilianzia mu kovu. Haiyafika mu kwapa bado."

Walikata nyama pana, wakatoa ngozi ya paja kufunika mkono. Paja liliuma kuliko mkono. Bandeji ziligandamana, na kila zilipobanduliwa niling'ata shuka.

Siku ya pili baada ya kupasuliwa, Mado akaja na uji. Niliunusa kwanza. Akaniona.

"Ilikuwa chumvi ya baraka ya ku kanisa, yaya," akasema. "Nilimumwangia asikuletee ugonjwa. Siku ulikuwa nafua manguo, niliona damu ku mukono yako."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa utasema ni mi nilikuloga."

Ningesema hivyo. Najijua. Nililia mbele ya wagonjwa wote, kisha nikanywa uji hadi mwisho.

Directeur nilirudishiwa, akaishi mpaka mvua zilipokwisha, na kinundu chake kimoja. Tulimzika nyuma ya jikoni. Mkono wangu umepinda kidogo, lakini mandazi nakaanga.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama daktari, namshukuru na mwizi wa kinyonga. Wenzangu, kovu la moto likianza kuota nyama, au likawa kidonda kisichofunga, usilifunike kwa nguo. Lipeleke hospitali. Na uwe mtu anayeambiwa, maana mimi sikuwa, na nusura nife kwa hilo.

Mado amerudi nyumbani. Kila Jumapili baada ya misa namvulia blauzi anikague mkono, kwapa na mgongo. Jumapili moja kidole chake kilisimama chini ya kwapa.

"Yaya," akasema, "hapa kuko kintu."

Kesho yake tulikwenda wote wawili hospitali. Lilikuwa jipu tu. Njiani kurudi nilimshika mkono, nikamwomba asiache kuniambia, hata kama ni majipu.