Mchezaji Aliyejaza Kila Nafasi Isipokuwa Yake

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu na mume wa mwanamke niliyewahi kumfundisha mpira wa kikapu. "Mwalimu, mama watoto ametuacha," alisema. Mkewe alikuwa ameugua wiki tatu tu. Wasomaji wangu, mnisamehe. Siasa nimeziweka kando juma hili.

Miaka ya tisini, kabla ya kuingia magazetini, nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu Kajiado, na kocha wa timu ya wasichana. Yeye alitoka magharibi mwa nchi, mrefu, mwepesi wa miguu, na hakuna nafasi aliyoshindwa kucheza. Lakini alipopewa kuongoza mpira, kuupandisha taratibu na kuwagawia wenzake, timu nzima ilichangamka. Mimi nikamgeuza kiraka. Mmoja akiteguka kifundo, namwita yeye. Mwingine akichelewa kurudi kutoka Loitokitok, namwita yeye.

Mwaka wake wa mwisho, kocha wa klabu moja ya Nairobi alikuja kututazama tukicheza fainali. Alitaka mtu wa kuongoza mpira, na sote tulilijua hilo. Asubuhi hiyo msichana wetu wa chini ya kikapu aliamka na malaria.

"Leo utasimama chini ya kikapu," nikamwambia kiraka wangu.

Alinitazama. "Mwalimu, hata leo?"

"Tukikosa mtu pale tutapigwa."

"Basi ni sawa," akasema, akainama kufunga kamba za viatu.

Tulishinda. Aliruka akinyakua mipira mpaka viwiko vikachubuka. Mgeni akamchukua msichana niliyemweka kuongoza mpira badala yake. Nilimwona yule aliyeachwa akimpongeza mwenzake kwa mikono miwili, nami nikaenda kupiga picha na kikombe.

Baadaye, katika miaka ya elfu mbili, nilihamia Kitengela nikamkuta akifundisha shule ya msingi. Mwenzake akienda kujifungua, darasa lilikuwa lake. Mwalimu wa michezo akihamishwa, alibeba filimbi. Wengine walipandishwa vyeo, yeye akaachwa palepale kwa sababu shule haikuweza kuendelea bila yeye. Siku moja, tukinywa chai kwake, nilimsifu kwamba hakuwahi kunikataa.

"Mwalimu," akasema polepole, "nilikuwa nangoja tu uniulize. Hata mara moja. Uniulize mimi niko na raha nikicheza wapi."

Niliinamia kikombe changu cha chai, nikaanza kuzungumzia mvua. Nilikusudia kurudi nimwombe radhi. Sikurudi.

Kwenye ibada ya kumuaga, kila aliyesimama alimsifu kwa kukubali kazi yoyote. Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilisema nilimkosea, nikaketi.

Tunawachosha watu wema kwa kuwa hawalalamiki, kisha tunaita hilo kuwatumia vizuri. Kama kuna mtu kazini au nyumbani kwako ambaye hakatai, muulize anapenda kusimama wapi. Akikujibu, mwache asimame hapo, hata kama siku hiyo mtashindwa.