Nilivyofunga Kiti cha Mtoto kwa Blada

Wacha niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa watu wa kanisa letu hapa Kimumu, maana huko imeshaongezwa chumvi mpaka wengine wanasema nililia (sikulia, macho yalitoa maji tu, na kuna tofauti). Lakini mengine yote mtakayosikia ni kweli. Ni kweli nilifunga kiti cha mtoto wangu kwa blada ya boda boda, ni kweli nilinaswa mkono ndani ya gari yangu mwenyewe langoni mwa kanisa, na ni kweli aliyeninasua ni mama mkwe wangu, kwa mikono yake, mchana kweupe, watu wakiona. Kama wewe si Mbukusu huenda hapo mwisho hujashtuka. Ngoja.

Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono. Hawakai kiti kimoja, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anapinda. Si chuki, ni heshima, na Mama Nasimiyu, mamake mke wangu Nasimiyu, ni mtu wa heshima zake kabisa. Alipokuja kutoka Kimilili kumwona mjukuu, alizungumza nami kupitia kwa mtoto tu. "Barasa, muulize baba yako kama amekula." Na Barasa, ambaye hata jino la maana hana, ananiangalia anatoa mate, nami namwambia, "Barasa, mwambie kukhu nimeshiba, asante." Kukhu ndiye nyanya. Tuliishi vizuri sana hivyo.

Shida ilianzia kwa siti kava. Nilipopata gari (kuukuu, lakini yangu) jambo la kwanza nikaipeleka kushonewa siti kava za ngozi nyeusi zenye uzi mwekundu, zikakazwa kila kona mpaka ukikaa unahisi umekalia ngoma. Baadaye nesi wa kliniki akamwambia mke wangu kwamba mtoto hapakatwi kwenye gari, anafungwa kwa kiti chake, na Nasimiyu akaenda mitumba akarudi na kiti kizuri mno, chenye miguu miwili ya chuma kwa nyuma iliyo na midomo ya kung'ata. Hiyo midomo inatakiwa ishike vyuma viwili vilivyojificha pale mgongo wa kiti cha gari unapokutana na pa kukalia. Mahali pa kupitisha mkanda hakikuwa napo, ni hivyo vyuma tu. Vyuma gari yangu inavyo. Vilikuwa chini ya siti kava. Kuvifikia ilikuwa ni kupasua ile ngozi, na ngozi yenyewe bado ilikuwa inanukia upya.

Sasa nieleweni kidogo. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha mtaa mmoja alikuwa anasema sheria ya viti vya watoto ipo, mwingine anasema bado inajadiliwa, mwingine anaapa kwamba polisi wa barabara ya Nakuru huangalia mkanda wa dereva tu, na mimi katika hayo majibu yote nikachukua lile lililonifaa. Nikamwambia Nasimiyu, "Usijali, nitakifunga." Hakuuliza nitakifunga kwa kitu gani. Nikatafuta blada, ile mipira ya tairi ambayo watu wa boda boda hufungia mizigo, nikaizungusha nyuma ya kiti, nikakaza nikiwa nimeegemeza goti, nikatingisha, kikatulia. Gunia la viazi linatoka Burnt Forest mpaka mjini bila kuanguka, nikajiambia, sembuse mtoto ambaye hajafikisha uzito wa debe. Hoja hiyo ilinipendeza hata nikapiga mluzi.

Jumapili ya kumweka Barasa wakfu ikafika. Nasimiyu ni mwanakwaya, kwa hivyo alitangulia kanisani kufanya mazoezi, nikabaki mimi nimlete mtoto na kukhu wake. Mama akakaa nyuma kando ya mjukuu, leso mabegani, uso dirishani, nami nikaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Tulifika salama, au tuseme karibu salama, kwa sababu mbele tu ya lango la kanisa kuna bampu ambayo vijana wetu waliijenga wenyewe kwa bidii nyingi na akili kidogo. Tairi za mbele zilipanda, zikashuka, na nyuma yangu nikasikia paa! Blada imekatika. Kiti chote kikamlalia Mama ubavuni na mtoto akiwa ndani, naye akakikumbatia kwa mikono miwili. Barasa alicheka. Alidhani ni mchezo.

"Barasa," nikasikia sauti ya chini sana, "mwambie baba yako asimamishe hii gari."

Nikasimamisha palepale langoni. Mama akashuka, mtoto kifuani, kipande cha blada mkononi.

"Barasa, muulize baba yako hii ni nini."

"Barasa, mwambie kukhu... ni blada."

"Muulize kama wewe ni mtoto ama ni gunia."

Akaendelea kumwambia mtoto kwamba Jumatano, ile safari tuliyopanga ya kwenda Burnt Forest kwa dadake aliye mgonjwa ili naye amwone mjukuu, baba asijisumbue. Watapanda gari ya watu, atambeba mgongoni mwenyewe, kwa maana mgongo wake haujawahi kukatika.

Hapo ndipo nilipoiona ile barabara ya Nakuru ya kwenda huko akilini mwangu, na malori yake, na ule mpira uliokatika kwa bampu tu, tukienda mwendo wa konokono. Huyu mtoto mimi huamka kusikiliza kama anapumua! Neno lililotakiwa pale lilikuwa "nimekosa", na lilikuwa mdomoni kabisa, lakini mwanaume akiaibika mbele ya mkwe huwa hana akili. Nikasema, "Barasa, mwambie kukhu gari ina vyuma, nitamwonyesha sasa hivi." Nikaingia nyuma kifudifudi, nikapata mwanya mdogo ambapo kifungo cha mkanda kilitokea, nikasukuma mkono ndani kutafuta chuma.

Nikakipata. Tena nikakipata vizuri, kwa sababu pete yangu ya ndoa iliingia nyuma yake ikakaa. Nikavuta. Ngozi ikakaza kwenye kifundo cha mkono (nilishasema zilishonwa vizuri). Nikavuta tena, vidole vikaanza kuvimba, na hapo nyuma yangu magari ya waumini yameanza kupiga honi, na mimi miguu iko nje, suti ya wakfu imenipanda mgongoni, na kwenye spika mchungaji anatangaza kwa upole, "Mwenye gari iliyoziba lango, ndugu mpendwa, tafadhali iondoe." Wahudumu wa kanisa walikuja, mmoja akanivuta miguu. Nikapiga yowe ambalo nasikia lilifika mpaka kwa kwaya.

"Mwacheni! Mtamkata kidole!" Ni Mama. Akampa mama mmoja mtoto, akatoa mafuta ya Barasa kwenye mkoba, akaingia kupitia mlango wa upande wa pili. Nikaona mkono wake unakuja, nikasema, "Barasa, mwambie kukhu..."

"Barasa hayuko hapa, Baba Barasa! Legeza vidole!"

Jamani. Akanishika mkono. Akanipaka mafuta mpaka kwenye kiwiko, akapenyeza vidole vyake chini ya ngozi, akaanza kuizungusha ile pete huku ananiambia nipumue, na hivyo ndivyo mke wangu alivyotukuta alipotoka mbio na joho lake la kwaya: mamake na mumewe vichwa pamoja, wameshikana mikono, wote wawili wanatoka jasho.

"Mama!" Nasimiyu akashika mdomo. "Unamshika!"

"Sasa nimwache afie hapa?"

Mkono ukachomoka. Pete ilibaki ndani.

Wakfu ulifanyika, ndio. Mchungaji alinipa maikrofoni nitaje jina la mtoto, ikaniteleza kwa yale mafuta ikaanguka chini, spika zikalia, Barasa akalia, na kanisa zima likacheka likiwa bado linajaribu kuomba. Lakini ibada ilipoisha Mama alikuwa ameshaazima kisu jikoni kwa akina mama. Hakuniomba ruhusa. Akapasua ngozi yangu nyeusi mahali pawili, akanirudishia pete yangu, akakisukuma kiti mpaka kikang'ata, ka! ka! Halafu akakitingisha kwa nguvu zote mpaka gari nzima ikayumba, kiti kisisogee. Nikamwambia, ana kwa ana, "Mama, nimekosa. Nilipenda siti kava." Akasema, "Nimeona." Baba mkwe alipopigiwa simu alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema mila ni mila, kwa kule kushikana mikono nipeleke mbuzi, na nitampeleka kwa furaha.

Jumatano asubuhi nilijua atakuwa ameshajifunga leso ya kumbebea mtoto. Badala yake nikamkuta kando ya gari, anakitingisha kiti tena. Akamfunga Barasa ndani yake, akaingia. Kwenye kizuizi cha polisi njiani askari alichungulia nyuma, akauliza kama mtoto amefungwa, na kabla sijafungua mdomo Mama akamwambia, "Tingisha uone." Askari akatingisha, akatupungia mkono. Tangu siku hiyo nimeapa kwamba mtoto hafungwi kwa blada kwenye gari yangu, awe wangu au wa jirani, hata kama tunaenda hapo tu dukani, na sheria iwe imefika au bado iko njiani.

Tulipokaribia Burnt Forest nilisikia mkoromo. Nikadhani ni Barasa, nikaangalia kwenye kioo. Barasa alikuwa macho, anatafuna ncha ya leso. Aliyelala ni mama mkwe wangu, kichwa nyuma, mdomo wazi, heshima zote ameziweka kando, kwenye gari ambayo mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Nikapunguza mwendo nisimwamshe.