Mtani Wangu na Vidonge vya Usingizi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya serikali kule Umwe, Mganga Mfawidhi alinikabidhi kopo la vidonge na kisu butu cha kuhesabia. "Hesabu mara mbili," akasema. "Mgonjwa hali makadirio." Nikazoea hivyo hata kwa mayai ya sokoni.

Biashara huria ilipoingia na zahanati za watu binafsi zikaruhusiwa, nilihamia mojawapo pale Kibiti, kazi ile ile ya kutoa dawa. Mimi Mnyamwezi, sikuwa na ndugu mjini. Nilikuwa na mtani: Pazi, Mndengereko, fundi baiskeli. Kila jioni alipita dirishani kwangu kunitukana kwa utani.

"Mnyamwezi, hujarudi kwenu tu?"

"Nangoja unilipie nauli."

Pazi alipofiwa na mkewe, daktari wetu alimwandikia diazepamu, vidonge vya usingizi, vya wiki moja. Dawa nzuri ukiiacha mapema. Ukiendelea, mwili huizoea: kimoja hakitoshi, wataka viwili, na usipovipata unatetemeka. Ukichanganya na pombe, pumzi yaweza kukatika.

Miezi ikapita. Akaja bila cheti cha daktari, ulimi mzito, mikono ikimcheza. Kumbe alikuwa akivinunua kwenye maduka ya barabarani. Nikamtajia bei ya kichaa, makusudi. Pazi, aliyekuwa akibishania bei ya aspirini mpaka foleni inune, akatoa fedha zote kimya. Hapo nikaogopa.

"Sikuuzii."

"Kwani pesa yangu ina kutu?"

"Ukifa, mimi mtani wako ndiye wa kulala kaburini mwako mpaka wanao wanipe chochote nitoke. Mchanga wa huku una siafu. Sina haraka."

Hakucheka. Mwenye zahanati akaninong'oneza, "Mteja huyo, muuzie." Nikaenda kumwita daktari.

Daktari akasema kuacha ghafla kungemletea degedege. Lazima apunguziwe kidogo kidogo. Nikawa nakata vidonge, nusu, baadaye robo. Kila asubuhi Pazi alimeza mbele yangu, akapanua kinywa nikague kama hakuficha chini ya ulimi. Mtu mzima, mgane, mbele ya mtani wake.

Alipona. Usingizi ulirudi, mikono ikatulia.

Nimestaafu, nami niko papa hapa Kibiti. Kwetu Tabora hawanijui tena. Vijana mnaoingia kazi hii, uraibu ni maradhi, si tabia mbovu, na hutibika. Ila aliyetibiwa humkumbuka aliyemwona kinywa wazi.

Pazi nakutana naye njiani. Hushuka kwenye baiskeli, akaniamkia kwa adabu, "Habari za asubuhi, bwana dawa?" Namjibu, kisha nasimama kidogo, nikingoja anitukane. Anapanda, anakwenda zake.