Nilivyomzaba kofi mtani wangu kaburini, nikiwa katekista

Wakuu, kwa umri wangu nawadai shikamoo wote humu, lakini nimewasamehe. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na sijatia chumvi hata punje.

Naona siku hizi mnalipia semina za anger management. Mimi nilifundishwa bure enzi za Mwingereza, na mwalimu wangu alikuwa amelala kaburini.

Nilikuwa katekista pale Kigwa, kwetu Unyamwezini. Kijana, kaptula ya kaki imenyooshwa pasi, na hasira za mkizi. Kwaya wakikosea sauti nawarushia kitabu cha nyimbo, halafu Jumapili nafundisha upole.

Nikamposa Anastazia. Baba yake, Mzee Kapela, akaniambia mbele ya padre:

"Binti yangu simtoi kwa mtu wa ngumi. Miezi mitatu nisisikie umefoka, ndipo ndoa itangazwe kanisani."

Wakuu, nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mtu akinikanyaga nasema "Bwana akubariki", huku moyoni nimeshamzika.

Nikaanza hata kuwaombea hadharani watu wenye hasira. Kwa majina.

Jumamosi ya mwisho ya ile miezi mitatu tukawa tunamzika baba yangu mkubwa. Akatokea Kibwana, Mzaramo aliyefanya kazi relini.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu wapagazi walipokuwa wakishuka pwani na misafara. Msibani mtani anaruhusiwa kila upuuzi, na kumkasirikia ni aibu yako.

Kibwana akaruka kaburini, akajinyoosha.

"Sitoki! Bahili huyu kafa na kuku wangu tumboni. Leteni jogoo, ama mkamzike juu ya mti!"

Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nikasikia miezi mitatu yote inanipanda kooni. Nikashuka, nikamzaba kofi zito.

Mzee Kapela alikuwa amesimama ukingoni ananitazama. Nikajua Anastazia ndiyo basi tena.

Kibwana, Mwislamu wa swala tano, akajipangusa vumbi, akanigeuzia shavu la pili.

"Na hili, katekista? Au kwenu moja linatosha?"

Nilitamani nizikwe mimi.

Nikapiga magoti humohumo nikamwomba radhi. Msidhani ni uchaji, jicho moja lilikuwa kwa Mzee Kapela.

Kibwana akapaza sauti: "Mzee Kapela, mpe tu binti. Meno yangu yote yapo. Mwaka jana huyu angeniachia mawili!"

"Nitampa," mzee akajibu. "Lakini miezi mitatu mingine, na mshenga wake uwe wewe, umpime hasira."

Basi kila jioni nikawa napita kwa Kibwana kutukanwa. Alinitukana kwa bidii kuliko alivyofanya kazi ya reli. Wiki za mwanzo nilikunja ngumi nyuma ya mgongo. Mwishoni nilikuwa nacheka kabla hajamaliza, na Anastazia nikamwoa.

Funzo langu ni hili: kutabasamu huku moyo umefura si kuwa na kiasi, ni kuweka akiba ya hasira. Nilimwomba Mungu anipe upole, akanipa Mzaramo.

Kibwana alitangulia. Nilikwenda kumzika, nikashuka kaburini nimtukane kama desturi inavyotaka. Nililia tu, mpaka wanawe wakaniletea jogoo ili nitoke.

Haya, nani humu amewahi kufundishwa upole na mtu aliyemdharau? Semeni hapo chini.

Na mliokuja kunitukana, karibuni sana. Ila jitahidini, mimi nimetukanwa na bingwa.